Makoti Mekundu Matatu

Mbwa alikaa kitako juu ya jiwe lile lile kwa mara ya tatu.

"Basi, nimeliona," alisema mpelelezi Delpha Esplin. "Mwinue, Ladell. Jiwe ni jiwe."

"Siyo mimi niliyemwambia akae." Ladell Cottam, askari wa mbwa, alivuta kamba taratibu. "Duke hajui uongo, Dada Esplin. Harufu inaishia hapa majini. Jana jioni alisema hapa, alfajiri akasema hapa, na sasa anasema hapa."

"Na wapiga mbizi wanasema hakuna kitu."

"Basi gombana na wapiga mbizi. Duke mwache."

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Wapiga mbizi wawili walikaa ukingoni wakitetemeka, vikombe vya mchuzi mikononi. Walikuwa wamelipekua shimo lenye kina kirefu kuliko yote katika mto ule, wakaambulia gurudumu la trekta. Maren Ostrow, msichana wa miaka kumi na sita, hakuwa ameonekana tangu jana saa tano asubuhi, na usiku wa kuamkia leo maji ya farasi yaliganda ndooni. Kama mtoto yule alikuwa mtoni, alikuwa maiti, na haraka haikuwa na kazi tena. Kama hakuwa mtoni, basi yuko mahali fulani baridi inamla, na watu arobaini waliotoka majumbani mwao kumtafuta wamesimama hapa wakikodolea macho maji.

Tangu mwezi wa nane watu wa televisheni kutoka Los Angeles walikuwa wamepiga kambi huku kwetu, milimani kusini mwa Utah, wakirekodi tamthilia yao, *Kambi ya Mwisho*. Ni habari za vijana watukutu wanaopelekwa na wazazi wao kwenye shule ya porini ili wanyooke. Wanalala chini ya maturubai, wanawasha moto kwa vijiti, wanatukana, wanalia, wanakumbatiana, na kila kipindi kikiisha mmoja wao anakuwa amepona. Maren ndiye aliyeigiza mkorofi kuliko wote. Mjini watu walisema katoto kenyewe kapole, kanasema ahsante hata ukikapa leso ya karatasi.

Esplin alikuwa na miaka ishirini na mbili katika ofisi ya sherifu na hajawahi kuchoshwa na mahali kama hapa. Kibanda cha shule kilikuwa na ukuta wa mbele tu, nyuma magongo. Theluji ilikuwa karatasi. Jana usoni mwa askari wake mmoja kulikuwa na hofu kubwa kwa ajili ya damu aliyoikuta kwenye shina la mti, na damu ikawa sharubati ya mahindi yenye rangi. Na mashahidi nao! Alikuwa amechukua maelezo ya watu kumi na wanne, na kila mmoja alijibu kwa sentensi safi, akatua pale panapostahili kutua, akafuta chozi. Alipoyasoma maelezo yote pamoja akakuta hayana kitu. Maren alimaliza kazi ya asubuhi kibandani saa tano, akarudi kwenye trela yake kubadili nguo na kusubiri masomo, maana sheria inataka mtoto afanye kazi kidogo na asome. Mwalimu alifika saa saba, akakuta trela tupu, akadhani yuko kwa wapaka rangi za uso. Wapaka rangi wakadhani yuko kwa mwalimu. Mpaka saa kumi jioni hakuna aliyeuliza.

Waliosema kitu cha maana walikuwa watatu tu, wachunga farasi wa hapa hapa, watu wa kanisani kwake Esplin. Hao waliapa kwamba walimwona mtoni saa tisa alasiri, wao wakiwa ng'ambo, koti lake jekundu likionekana wazi. Koti likasema mto, mbwa akasema mto. Nani angebisha?

Mama yake Maren, Colette, alikuwa kwenye kiti cha kukunja hatua chache kutoka kwenye jiwe, blanketi mabegani, macho majini. Hapo ndipo alipokaa jana jioni mbwa alipofika mara ya kwanza, na hakuondoka ila walipomlazimisha kulala ndani ya gari. Wanawake wa mjini walimletea sahani ya viazi vya jibini. Ikapoa, wakaleta nyingine.

"Wamempata?" aliuliza.

"Bado, Mama Maren. Kula kidogo."

"Mbwa amekaa tena."

"Nimeona."

Colette aliyafumba macho na machozi yakamtoka bila sauti. Hayo Esplin hakuwa na shaka nayo. Machozi ya kuigiza alishayaona ya kutosha tangu jana.

Nyuma yake mtu alikohoa kwa adabu. Alikuwa Dorian Pell, mtayarishaji wa tamthilia, kikombe cha kahawa mkononi, redio ya mkononi kiunoni.

"Afande, samahani sana. Sisi sote hapa ni familia moja na moyo wetu umevunjika. Ila naomba kuuliza, hawa wapiga mbizi wanaweza kusogea upande wa chini? Mwanga wa asubuhi ukishapita pale mwambani, siku imekwenda."

Esplin alimtazama mpaka kahawa ikaanza kumwagika.

"Mnarekodi?"

"Mandhari tu. Bila watu."

"Familia iliyokaa saa tano nzima haijui mtoto wake yuko wapi, leo inataka mandhari." Alimpokonya ile redio na kuiweka mfukoni mwake. "Ukitaka kusema na watu wako, uwafuate kwa miguu. Utapata joto."

Ladell alicheka puani. Pell akaondoka akijisemesha.

Esplin alikaa juu ya gogo, akanywa funda la soda yake yenye nazi na ndimu, akafungua daftari. Alichora mraba, lori la mavazi. Akachora mwingine, trela ya Maren. Akachora mto. Kisha akapiga mstari kutoka lori hadi mtoni, njia ya mbwa.

"Ladell. Jana ulimwanzishia wapi?"

"Palepale tulipopewa koti. Mlangoni mwa lori la mavazi. Alinusa, akanyoosha moja kwa moja hadi hapa."

"Na leo?"

"Vilevile."

"Hakuingia kwenye trela ya mtoto."

"Hakuingia."

"Ameipita?"

"Ameipita kwa mlangoni kabisa. Ngazi zile pale."

"Ladell, mtoto ameishi kwenye trela ile mchana kutwa kwa miezi mitatu. Anakula mle, anasoma mle, anavua soksi mle. Mbwa anayemtafuta apite mlangoni bila hata kugeuza pua?"

Ladell alikuna shingo. "Huenda harufu ya mtoni ndiyo mpya."

"Huenda. Lete koti."

Koti lilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, safi, kavu, jekundu kama pilipili. Esplin alivaa glavu, akalitoa, akalipima kwa macho. Aliwahi kumwona Maren dukani. Mabega ya koti hili yangemmeza. Aliinamisha uso kwenye ukosi akavuta pumzi. Lilinuka dawa ya kuchulia misuli, ile kali ya wazee wenye magoti mabovu.

"Msichana wa miaka kumi na sita anajichua kwa dawa ya bibi yangu?"

"Waigizaji wana mambo," alisema Ladell, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Mpe anuse tena. Ila usimwanzishie hapa. Mpeleke kwenye meza za chakula, umwachie kamba."

Meza zilikuwa juu ya kilima kidogo, na watu kama ishirini walikuwa wakinywa chai. Duke aliingia katikati yao pua chini, akawapita wapiga picha, akawapita wapaka rangi, akafika kwa msichana mmoja mwenye nywele fupi aliyekuwa akila viazi kwa kijiko cha plastiki. Akamzunguka mara moja, akamkalia juu ya kiatu.

"Jamani, amependa viazi?" msichana aliuliza akicheka. Alipoziona sura za askari akaacha kucheka. "Kwani nimefanya nini?"

"Jina lako?"

"Jody Lachance. Ninamwigizia Maren sehemu za hatari. Kuanguka, kuburuzwa, majini. Nina miaka ishirini na mitatu, nionavyo sina hatia."

"Mabega yanauma?"

"Yananiua. Jana nimeangushwa mtoni mara nne, na asubuhi nzima mazoezi ya kuteleza kwenye lile jiwe. Nimejipaka dawa mpaka kipenzi changu kanikimbia."

"Saa tisa alasiri ulikuwa mtoni na koti jekundu?"

"Naam, nikatolewa majini nikarudishwa kwa gari. Maren haruhusiwi kuingia majini, ni mtoto."

"Jana nilichukua maelezo yako?"

"Hapana. Waliniuliza kama nilimwona Maren mchana. Nikasema sikumwona." Jody aliweka sahani chini. "Hakuna aliyeniuliza nilivaa nini."

Esplin alifunga daftari. Ladell alikuwa amechuchumaa, amemkumbatia mbwa shingoni, uso umemwiva.

"Nilikwambia hajui uongo," alisema kwa sauti ndogo. "Tulimtuma kwa huyu, akatuleta kwa huyu. Saa kumi na sita, Dada Esplin. Tumeziteketeza saa kumi na sita."

"Utalia baadaye. Twende kwa wenye nguo."

Lori la mavazi lilipangwa vizuri kuliko jiko la mtu yeyote. Mwenye mali, Pilar Quezada, mwanamke mnene mwenye pini mdomoni, alikuwa akishona kifungo. Juu ya kulabu moja yenye kibandiko kimoja yalining'inia makoti mekundu mawili, na nafasi ya la tatu ilikuwa wazi.

"Bibi Quezada. Jana tulikuomba koti la Maren."

"Nikawapa."

"Ulitupatia la Jody."

"Niliwapa la akiba." Alitoa pini mdomoni. "Mpenzi, sikiliza. Kila vazi la hatari lina nakala tatu. Hili la kwanza ni la Maren, lina tope la kipindi cha sita, angalia, kwenye kiwiko hapa. Nimelipaka mwenyewe kwa brashi. La pili ni la Jody la majini, jana lilikuwa chapachapa. La tatu ni la mazoezi, pana mabegani kwa ajili ya pedi. Kavu, safi, halionekani kwenye kamera."

"Na ukatuchagulia hilo."

"Ningewapa la tope? Mbwa alirambe? Tope likibadilika mahali, kipindi kizima hakilingani. Mtu anaingia mlangoni na doa la kulia, anatokea ndani na doa la kushoto! Mimi ndiye ninayefukuzwa kazi, si wewe."

"Bibi, mtoto amepotea."

"Najua amepotea! Ndiyo maana niliwapa koti. Mlisema mnataka koti. Makoti yote matatu ni sawasawa, hiyo ndiyo kazi yangu, yawe sawasawa."

Mpelelezi aliegemea mlango wa lori, akahesabu hadi kumi. Alifika sita.

"Nipe la tope."

Pilar alisita, akalishusha kana kwamba anakabidhi mtoto mchanga. Ladell alimsogezea Duke. Mbwa akanusa, akapiga chafya, akageuza uso.

"Limefanywa nini hili?"

"Nimelipulizia vodka. Kila jioni tunapuliza. Koti lenye tope la rangi huwezi kulifua, na mtu analitolea jasho wiki sita. Vodka inaua harufu yote." Kwa fahari akaongeza, "Hata mbwa hapati kitu."

"Bwana wee," alisema Ladell.

Walikwenda kwenye trela. Jana Esplin aliipekua upesi, mambo yote yakiwa mtoni, na wafagiaji walishapita hata kabla yake. Kitanda kimetandikwa, pipa tupu, mito imebadilishwa foronya. Leo alipiga magoti akapekua kama mtu aliyedondosha pete. Nyuma ya mlango wa choo alikuta viatu vya Maren mwenyewe, jozi ile moja aliyokuja nayo, kamba zimefungwa.

"Viatu vya kazi alivirudisha?"

"Saa tano na robo," Ladell alisoma kwenye daftari la mavazi. "Pilar ameandika."

"Basi ametoka humu na soksi. Mtoto anayetoroka huvaa viatu, Ladell. Mtoto anayekwenda kujitupa mtoni hatembei nusu maili juu ya mawe kwa soksi."

Kwenye rafu ya kioo, ndani ya kikombe, alikuta kile kibanio cha meno wanachovaa watoto baada ya kutolewa nyaya. Maren alikivua kila mara alipokwenda kuigiza. Esplin alikishika kwa leso ya karatasi kama lulu.

"Hiki hakijapuliziwa vodka."

Duke alinusa mara moja tu. Mkia ukasimama. Alishuka ngazi, akazunguka nyuma ya trela, akaenda hatua ishirini hadi kwenye njia ya magari ya mizigo, akasimama, akazunguka, akalia kwa hamaki. Harufu ilikatika hapo, ghafla, kama inavyokatika mtu anapopanda gari.

Esplin aliwakataza watu wasikanyage, akainama. Baridi ilikuwa imeugandisha udongo na alama zimekaa vizuri. Gari pana, magurudumu mapya. Kutoka ngazini hadi pale zilikuja safu mbili za nyayo kubwa za mabuti, moja kila upande. Katikati yao palikuwa na michirizi miwili.

"Wamembeba," alisema Ladell.

"Wamemburuza. Angalia vidole vilivyochimba. Alipigana." Alisimama. "Nani alipita getini jana kati ya saa tano na saa saba?"

Orodha ya getini ilisema lori la chakula na lori la maji, basi. Madereva wote wawili walikuwa wamelala palepale kambini. Esplin alimwita Pell, aliyekuja mbio, safari hii bila kahawa.

"Orodha yako ni kamili?"

"Kamili. Kila gari linaandikwa. Hakuna anayeingia bila kuandikwa."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Labda Royce tu, maana huyo ni wa nyumbani."

"Royce nani?"

"Royce Kettering. Mshauri wetu. Ana shule ya kweli ya porini, Njia ya Mwamba, huko mashariki. Anakuja kutuhakikishia kwamba mambo ni ya kweli, anawafundisha watoto kuwasha moto. Yeye na vijana wake wakifika, mlinzi anafungua tu."

"Tangu jana ninauliza nani aliingia hapa."

"Uliuliza wageni, Afande. Royce si mgeni."

Kumtukana Pell kungemchukulia Esplin muda, na muda hakuwa nao. Aliomba simu yake ya setilaiti, akateremka kwenda mtoni.

Colette alikuwa bado anatazama maji. Esplin alichuchumaa mbele yake, akamzibia mto kwa mwili wake.

"Mama Maren. Acha kutazama huko. Mwanao hakuja huku."

"Mbwa..."

"Mbwa alikuwa anamfuata Jody. Tulimpa koti la mtu mwingine, kosa letu. Tumempa kitu cha Maren mwenyewe, akatupeleka nyuma ya trela. Kulikuwa na gari na wanaume wawili. Wamemchukua."

Alijiandaa kumdaka asianguke. Lakini mabega ya Colette yalishuka, akajifunika uso kwa viganja, na alichosema ni hiki: "Ashukuriwe Mungu."

Ladell alikohoa.

"Unamshukuru kwa lipi?" Esplin aliuliza polepole.

"Yuko hai. Ni wao. Hakufa."

"Wao nani, Mama Maren?"

Hapo likamtoka lote, bila mpangilio. Kwamba Maren amembadilikia, anamjibu, amejikata nywele kwa mkasi wa jikoni, anafunga mlango, anasema hataki tena kuigiza. Kwamba wiki mbili zilizopita Royce alimpa karatasi, naye akatia sahihi. Wanaume wake wangekuja kumchukua mtoto siku wanayoijua wao. Mama asiijue, uso wake usije ukamsaliti.

"Jana waliposema hayupo nikajua siku ndiyo hiyo. Nikajikaza. Halafu mbwa akaja hapa, akakaa. Nikasema kumbe siyo wao. Kumbe alijua ninachotaka kumfanya, akaja hapa kujiua."

"Na ukanyamaza usiku kucha."

"Ningesema nini? Mbele ya Dorian, kwamba nimemtoa mtoto kazini kabla kazi haijaisha? Na mbwa alishasema ni mto!"

"Mficha maradhi kifo humuumbua," Ladell alinong'ona. Esplin akamkata kwa jicho.

"Kwa nini shule ile, Mama Maren? Kwa nini usingeongea naye?"

"Nimeongea. Nimechoka kuongea." Colette alipangusa pua kwa ncha ya blanketi. "Nimekaa miezi mitatu natazama wale watoto. Wanaingia wakitukana, wanatoka wakiwakumbatia mama zao. Kila kipindi."

"Yale yameandikwa na watu. Mwanao ndiye anayeyaigiza."

"Najua."

"Unajua?"

"Royce anasema wameyatoa kwenye mambo ya kweli," alisema Colette, na hakuweza kumtazama usoni.

Esplin alisimama, magoti yakilia. Sheria aliijua. Mzazi ametia sahihi, mtoto hajafika miaka kumi na minane, na shule za namna ile zilishaleta mawakili wao kwenye meza yake mara mbili na kuondoka wakicheka. Angeweza kuwarudisha watu arobaini nyumbani, akaandika kwamba mtoto yuko salama kwa ridhaa ya mzazi, akafunga jalada. Hakufanya hivyo. Akabonyeza namba.

Royce Kettering alikuwa na sauti ya mhubiri wa redio.

"Dada Esplin! Kwa kweli utaratibu wetu ni kwamba wiki tatu za mwanzo hakuna mawasiliano ya..."

"Sitaki kuongea naye. Nataka uniambie umemwona kwa macho yako, leo, anapumua."

"Karatasi zote zipo sawa."

"Sijauliza karatasi."

Kwa mbali, upande wa pili, injini ilikuwa ikinguruma na mtu akaita jina, mara moja, mara mbili.

"Bwana Kettering, uko wapi?"

"Kumetokea hitilafu ndogo."

"Uko wapi?"

"Sulfur Wash. Kwenye kituo cha mafuta. Vijana walizunguka na barabara za nyuma, wakasimama jana jioni, akaomba kwenda chooni. Dirisha dogo sana lile, hakuna ambaye angefikiri..."

"Jana jioni saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na nusu hivi."

"Na hukupiga simu popote."

"Kawaida huwa wanarudi wenyewe wakisikia baridi. Vijana wanamtafuta."

"Wangapi?"

"Wawili. Na mimi."

"Bakini barabarani. Msikanyage popote, msimwite, msiwashe tena injini. Mkizigusa nyayo zake nitakufunga kabla ya chakula cha mchana, na mawakili wako watakuja kukuona kwa dirisha."

Alikata simu. Sulfur Wash ilikuwa maili sabini mashariki, makorongo matupu, na hapakuwa na mtafutaji hata mmoja upande ule wa kaunti. Wote walikuwa hapa, wanakula viazi. Esplin aliweka vidole mdomoni akapiga mbinja hadi farasi wakashtuka.

"Pakieni! Farasi, maturubai, mablanketi, kila kitu! Tunahama! Ladell, kile kikombe cha kibanio ukishike mwenyewe mpaka tufike, usimpe mtu!"

Colette alikuwa amesimama. Alikuwa amesoma yote usoni mwa mpelelezi.

"Hawako naye," alisema.

"Aliwatoroka jana jioni. Panda gari langu. Mtoto aliyeogopa hivyo hatoki kwa askari, na akimsikia mbwa anajikunja zaidi. Anatoka kwa sauti anayoijua. Nitakupa kipaza sauti na utamwita."

Mama hakusogea.

"Akinisikia mimi atazidi kujificha."

"Wewe ni mama yake."

"Wana barua. Wakishamkamata mtoto wanamsomea barua ya mzazi, ajue hakuna wa kumkimbilia. Nimeiandika mimi, kurasa mbili. Wameshamsomea. Anajua ni mimi."

Milango ya magari ilikuwa ikifungwa kilimani. Wapiga mbizi walikuwa wakivuta kamba zao nje ya maji.

"Basi nitajie mwingine," alisema Esplin, kalamu juu ya karatasi. "Rafiki. Bibi. Mwalimu. Mtu mmoja tu ambaye Maren akisikia sauti yake atatoka alikojificha. Nitampigia sasa hivi, nitamfuata hata kwa ndege. Nitajie jina."

Colette alitazama trela, akatazama watu kilimani waliokuwa wakikimbia huku na huko, akarudi kumtazama mpelelezi. Ladell alipiga honi. Esplin hakugeuka, alimngojea.

"Sijui," alisema Colette.